Kiwanda cha Chupa

Mfumo mpya uliwekwa wikendi. Jumatatu asubuhi Shangazi aliingia kazini, akatundika mkoba nyuma ya kiti, akavaa hedifoni, akapokea simu ya kwanza, na papo hapo akajua kuna kitu kimeharibika.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Wapokea simu wa kituo cha magari ya wagonjwa walimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyewazidi wote umri, ndiye aliyewafundisha kazi karibu wote, na ndiye aliyeweza kumpa mtu vidonge vyake huku akimmiminia chai. Alianza kazi hiyo enzi za simu za mezani zenye waya wa kujisokota. Sasa kila kitu kilipitia kwenye kompyuta: mtu akipiga, sauti yake inakuja hapo, ukitaka kumtuma dereva, unabonyeza laini ya madereva hapo hapo, na dereva anakuja sikioni pamoja na mpigaji.

Ilikuwa kazi ya masikio. Watu hupiga wakilia, wakipiga kelele, wakigombana na walio pembeni yao. Wanataja jina la mgonjwa, wanataja kabila la jirani aliyewakatalia gari, wanataja kila kitu isipokuwa mahali walipo. Kazi yako ni kumtoa mtu taratibu ndani ya hofu yake mpaka akupe hilo moja tu: yuko wapi. Shangazi alikuwa hodari wa hilo. Angeweza kumtuliza mtu aliyeshika panga.

Mpigaji wa Jumatatu ile alikuwa mwanamke ambaye mumewe alikuwa ameanguka bafuni. Alianza kuongea vizuri, kisha ghafla sauti yake ikadidimia kama mtu anayeongea chini ya rundo la magodoro. Shangazi alipandisha sauti mpaka mwisho. Akabana hedifoni kwa viganja. Akamwomba mama wa watu arudie, arudie tena, mpaka yule mama akaanza kulia kwa hasira. Mara sauti ikarudi yenyewe, kubwa tele, ikamtikisa kichwa. Mgonjwa alifikiwa, alipona. Lakini Shangazi alibaki na jasho la kwapani, akamwita fundi wa kompyuta.

Fundi huyo walimpachika jina la Zimawasha, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jambo lake la kwanza kuuliza, hata kama ungemwambia kiti kimevunjika mguu.

“Umezima ukawasha?” aliuliza kabla hajafika mezani.

“Nimezima, nimewasha, nimeomba dua. Sauti inashuka.”

Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye shati lisilokaa ndani ya suruali. Aliinama juu ya meza ya Shangazi, ile ya dirishani, yenye kompyuta kuukuu kuliko zote. Za wenzake zilikuwa mpya, na mfumo ulipanda juu yake bila shida. Hii ya dirishani ilikuwa imemgomea wikendi ile, ikabidi aifute yote na kuanza upya. Alitazama alama ya spika pembeni, ilikuwa juu. Akafungua kisanduku kinachoonyesha sauti ya kila programu, zote zilikuwa juu. Akachomoa hedifoni, akachomeka ya meza ya jirani. Akaondoa kile ambacho mfumo mpya ulikiita maboresho ya sauti, akasema hayo maboresho ndiyo huwa yanaharibu.

“Kama si hilo, basi shida ni draiva,” alisema.

“Dereva gani tena? Madereva wangu wote wako barabarani.”

Wenzake walicheka. Zimawasha naye alicheka, akaeleza kwamba draiva ni kile kijiprogramu kinachoiendesha kadi ya sauti, akakiondoa, akakiweka kipya. Kisha akatoka hadi ukumbini, akapiga simu kwa simu yake ya mkononi.

“Haloo! Shangazi, unanipata?”

“Nakupata mpaka unaniumiza. Punguza mdomo.”

“Basi tumepona.”

Hawakupona. Alipoondoka, baada ya simu mbili tatu, sauti ilididimia tena. Akaitwa tena. Akajaribu tena kwa simu yake, na sauti ikawa safi kama ya mtu aliyeketi mezani. Ikawa hivyo kutwa, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Akija fundi, hakuna ugonjwa. Akigeuza mgongo, ugonjwa umerudi. Hata Zimawasha mwenye subira alianza kumtazama Shangazi kwa namna ambayo mtu humtazama mama yake anapouliza jambo lile lile kwa mara ya pili.

Meneja wa kituo alimwita ofisini kwake. Hakuwa na maneno makali. Alimpa kiti.

“Wenzako hawalalamiki,” alisema. “Mfumo ni ule ule. Fundi amepima, ameona hakuna kitu. Sasa, usinielewe vibaya. Umri unakwenda kwetu sote. Umewahi kupima masikio?”

“Masikio yangu ni mazima, Meneja.”

“Sijasema ni mabovu. Nimeuliza kama umepima.”

Alitoka mle amefura. Lakini usiku, kitandani, alimsikiliza mumewe akikoroma, akajikuta anajiuliza kama zamani hakukoroma kwa nguvu zaidi.

Alhamisi mchana basi lilipinduka darajani. Simu zilimiminika kama mvua, na Shangazi aliachiwa laini ya madereva wazi muda wote ili kuwapanga nani aende, nani arudi hospitali, nani asubiri. Katikati ya vurugu hiyo ikaingia simu ambayo haikuhusu basi.

“Samahani kwa kukusumbua, binti yangu,” sauti ya mzee ilisema, kutoka mbali sana. “Najua mna kazi.”

“Hunisumbui, mzee. Una nini?”

“Kifua. Kimenibana tangu asubuhi, nikadhani kitaachia.”

“Uko peke yako?”

“Peke yangu.”

“Uko wapi, mzee wangu?”

Alibana hedifoni mpaka masikio yakauma. Dereva mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba polisi wamefunga njia. Nyuma ya dereva, chini kabisa, mzee alisema maneno, na Shangazi akayadaka yale aliyoweza: nyumba ya bati jekundu, nyuma ya kiwanda.

“Kiwanda cha chuma, mzee?”

Mzee akasema kitu. Kilikuwa kifupi, na kilikuwa na sauti ya mtu anayekubali.

“Haya, gari linakuja. Usikate simu, baki na mimi.”

Akamtuma dereva aliyekuwa jirani na kiwanda cha chuma, upande wa mashariki wa mji. Dereva alikwenda mbio. Baada ya muda akasema: “Shangazi, niko nyuma ya kiwanda. Huku hakuna nyumba. Kuna vichaka na vyuma chakavu. Una uhakika?”

Shangazi akafunga laini ya madereva ili amsikilize mzee peke yake, na sauti ya mzee ikapanda mara moja, ikawa karibu, ikawa kama inapumua juu ya shingo yake.

“Mzee! Kiwanda gani? Niambie tena, kiwanda gani?”

Lakini mzee alikuwa ameshaacha kujibu maswali. Alikuwa akiongea mambo yake, pole pole, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Shangazi alimwita, alimbembeleza, alimkemea. Kisha pumzi zikawa ndefu na chache. Kisha kukawa na ukimya ambao yeye, kwa miaka yake yote ya kazi, aliujua ni ukimya gani.

Jirani ndiye aliyemkuta mzee, jioni. Alikuwa ameketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, simu mapajani. Nyumba yake ya bati jekundu ilikuwa nyuma ya kiwanda cha chupa, magharibi ya mji, ambapo siku hiyo gari jingine lilikuwa limeegeshwa bila kazi karibu kabisa na hapo.

*

Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano. Alikuwepo Meneja, mwenyekiti wa kamati aliyeletwa kutoka makao makuu, daktari mmoja wa kituo, na binti wa marehemu, mwanamke wa makamo mwenye sindano mbili alizozisahau zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Alikuwa fundi cherehani. Hakumsalimu mtu.

Wakaweka kanda kwenye spika kubwa za ukutani. Simu zote hurekodiwa kule zinakoingilia, kabla hazijafika kwenye meza ya mtu.

“Samahani kwa kukusumbua, binti yangu,” mzee alisema, na chumba kizima kilimsikia. Sauti ilikuwa dhaifu lakini safi. Ungeweza kusikia meno yake ya bandia yakigongana.

Ikaja sauti ya Shangazi mwenyewe, yenye kujiamini: “Kiwanda cha chuma, mzee?”

Na mzee akajibu, taratibu, kwa adabu ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake: “Chupa, mwanangu. Cha chupa.”

“Haya, gari linakuja.”

Mwenyekiti akaisimamisha kanda hapo. Binti wa marehemu alimgeukia Shangazi, akamtazama usoni, akaendelea kumtazama.

“Alikurekebisha,” alisema hatimaye. “Baba yangu anakufa, na bado alikurekebisha kwa upole. Wewe ukasema haya.”

Shangazi alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba hakusikia hivyo. Lakini alikuwa amesikia sasa hivi, kwa masikio yake haya haya, pamoja na watu wote: chupa. Alisema, “Nisamehe,” na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

Alieleza habari ya mfumo mpya. Zimawasha aliitwa, akasimama mlangoni akikunjakunja mkono wa shati. Alisema kweli Shangazi alilalamika, na kweli yeye alipima kila mara, na kila mara sauti ilikuwa sawa. Hakudanganya hata kidogo. Ndivyo alivyojua.

Wakampeleka kupima masikio. Daktari wa masikio alimfungia katika kijumba kisichopitisha sauti, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila anaposikia mlio. Shangazi alibonyeza huku akitamani, Mungu amsamehe, awe kiziwi. Angekuwa kiziwi, angekuwa na sababu.

“Hongera, mama,” daktari alisema. “Wenye umri wako wengi wangeyatamani masikio haya.”

Meneja alisoma majibu, akayaweka mezani, akavua miwani.

“Basi kama si masikio, ni umakini,” alisema. “Bora yangekuwa masikio.”

Akasimamishwa kazi.

Nyumbani mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, alijitahidi. Hakumuuliza maswali. Alifagia uwanja ambao hakuwahi kuufagia tangu waoane. Lakini alianza kumsemesha kwa sauti ya juu. “UTAKUNYWA CHAI?” alimuuliza kutoka umbali wa hatua moja, akitamka kila silabi kana kwamba anaongea na mgeni.

“Kwa nini unanipigia kelele?”

“Sikupigii kelele, mke wangu. Nasema tu.”

“Daktari amesema nasikia.”

“Najua amesema,” mume alijibu, na macho yake yakakimbilia kwenye kikombe. Hapo ndipo Shangazi alipoelewa kwamba hata mtu huyu, aliyelala naye kitanda kimoja nusu ya maisha yake, alikuwa ameona ni afadhali aamini ana mke kiziwi kuliko kuamini lile jingine.

Mchana, alipobaki peke yake jikoni, alifungua bomba na kujinong’oneza. Chupa. Chuma. Chuma. Chupa. Alifunga macho, akajaribu kubahatisha amesema lipi. Alipata kila mara, bila shaka, kwa kuwa msemaji alikuwa yeye mwenyewe. Aliendelea hivyo hivyo. Sufuria iliungua.

*

Meza ya dirishani alipewa mwenzao mmoja waliyemwita Mpole. Mpole hakuwa mtu wa kulalamika; angekanyagwa mguu angeomba radhi. Alivumilia wiki nzima, kisha akamwambia Zimawasha kwa aibu, “Kaka, samahani. Hivi na mimi masikio yangu yamekwisha?”

Zimawasha hakuuliza kama amezima akawasha. Alivuta kiti, akaunganisha hedifoni ya pili kwenye kompyuta ile, akakaa kando ya Mpole. Mara zote zile za kwanza alikuwa akija, anapima kwa simu yake mwenyewe, anaondoka. Hakuwahi kukaa kazi ikifanyika. Safari hii alikaa, akasikiliza mtoto aliyemeza sarafu, akasikiliza mlevi aliyetaka kupelekwa nyumbani. Sauti zilikuwa safi. Kisha ikaingia simu ya ajali ya pikipiki, Mpole akafungua laini ya madereva, na Zimawasha akasikia kwa sikio lake sauti ya mpigaji ikididimia hadi chini ya magodoro. Mpole akafunga laini. Sauti ikapanda. Akafungua. Ikashuka.

Zimawasha akavuta kipanya.

Hakuchukua muda kulipata tatizo. Ndani ya mipangilio ya sauti, ukurasa wa mwisho kabisa ambao hakuna mtu huufungua, ulioandikwa Mawasiliano, kulikuwa na sentensi moja: kompyuta ikitambua kuna simu, ipunguze sauti nyingine zote kwa asilimia themanini. Alipoifuta ile mashine na kuiwekea mfumo mpya, mpangilio huo ulijirudisha wenyewe. Mfumo uliitambua laini ya madereva kuwa ndiyo simu. Watu wanaopiga kuomba msaada uliwahesabu kuwa ni sauti nyingine, kama muziki. Kila Shangazi alipoongea na dereva, mashine ilimpunguzia mgonjwa, kwa nia njema, ili amsikie dereva vizuri. Naye fundi alipopima, hakukuwa na dereva kwenye laini.

Alichagua mstari wa chini: usifanye chochote. Akabonyeza kukubali. Akavua hedifoni, akaenda chooni, akakaa huko.

Jioni alikuwa mlangoni kwa Shangazi. Mume alimkaribisha kwa mashaka, akamwekea kiti. Zimawasha alikataa kuketi. Alieleza yote akiwa wima, akitazama sakafu.

Shangazi aliuliza jambo moja tu. “Kwa hiyo nilipofunga laini ya dereva, ndiyo maana mzee alirudi?”

“Ndiyo.”

“Ningeifunga mapema.”

“Usijilaumu, Shangazi. Hukujua.”

“Ningeifunga tu kidogo, nikamwuliza tena.”

Mumewe alimsogelea akamshika bega. “Kumbe ulikuwa unasikia,” alisema, kwa sauti yake ya kawaida, na Shangazi akautoa mkono wake begani, si kwa nguvu.

Asubuhi Shangazi na Zimawasha wakaenda kwa Meneja. Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Akaomba aonyeshwe ukurasa wenyewe. Aliutazama kwa muda, akasugua paji la uso, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

“Imeshatengenezwa?”

“Imetengenezwa,” Zimawasha alisema.

“Vizuri. Andika kwamba tatizo la sauti limetatuliwa. Basi.” Akamgeukia Shangazi. “Wewe rudi kazini. Tutasema ulikuwa likizo. Hakuna atakayekugusa.”

“Na yule binti?”

“Ameshazika. Muache apumzike.”

“Anaamini nilimpuuza baba yake.”

“Unataka aamini nini? Kwamba ofisi ilionywa, ikamwambia mwenye kuonya akapime masikio?” Akashusha sauti, kana kwamba amesikia maneno yake kwa kuchelewa. “Tukilifungua hili tutamwaga unga sote. Mimi, huyu fundi, pengine kituo kizima. Nani atapokea simu? Nakuomba. Usiende kwake.”

Alikwenda kesho yake. Zimawasha alimpeleka, ingawa alipomwomba alijikuna kichwa na kusema ana watoto wanasoma.

Binti wa marehemu walimkuta katika nyumba ya bati jekundu, akikunja nguo za baba yake na kuzipanga kwenye masanduku. Kutoka ng’ambo ya ukuta kiwanda kilikuwa kikiunguruma, na chupa ziligongana juu ya mikanda bila kukoma, maelfu kwa maelfu, hata ungeshangaa mtu anawezaje kulala hapo.

“Unatafuta nini huku?” alimuuliza Shangazi. “Leo umepajua?”

Zimawasha ndiye aliyeongea. Alieleza kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza, akajilaumu mwenyewe kabla ya kumlaumu mtu mwingine. Binti alisikiliza huku ameshika shati la baba yake kifuani.

“Kwa hiyo ni kitufe,” alisema.

“Si kitufe hasa, dada, ni mpangilio ambao mfumo...”

“Nimekuuliza, ni kitufe?”

“Ndiyo. Ni kitufe.”

“Na kukirekebisha kulichukua muda gani?”

Zimawasha akakunjakunja mkono wa shati.

“Nakuuliza wewe.”

“Muda wa kubonyeza, dada.”

Alicheka, kicheko kikavu kisichofika popote. Akamtazama Shangazi. “Unajua mama, nilikuwa na mtu wa kumchukia. Nilikuwa nikiamka asubuhi nakuona wewe, na hiyo chuki ilinipa nguvu ya kwenda kushona. Sasa umekuja mpaka huku kuninyang’anya. Nimchukie nani? Nichukie kompyuta?”

“Nichukie mimi kama inakusaidia,” Shangazi alisema. “Sikuja kusafishwa. Nimekuja kwa sababu ni kweli.”

“Kweli,” binti alirudia. Akamwambia Zimawasha atoke nje. Fundi alitoka mbio mbio, karibu ajikwae kizingitini, kisha akakumbuka nani alikuwa ameketi pale, akainua mguu juu sana kukivuka.

Walibaki wawili. Chupa ziliendelea.

“Siku ile kwenye mkutano,” binti alisema, “waliisimamisha kanda. Mbele yake kulikuwa na nini? Niliwaomba, wakasema hakuna la maana.”

“Una hakika unataka?”

“Nilitakiwa kuja kumwona siku hiyo. Nilikuwa na gauni la harusi la watu, halijaisha. Nikamwambia nitakuja kesho.” Alilibana shati. “Niambie.”

Basi Shangazi alimwambia. Wakati huo laini ya dereva ilikuwa imefungwa, na kila neno lilikuwa limemfikia zima. Mzee alisema mlango ameshaufungua, wasihangaike kubisha. Alisema kiti amekitoa njiani ili machela ipite. Kisha akaanza kuongea na binti yake, kana kwamba yupo hapo. Akamwambia asije leo, jua ni kali, aje kesho asubuhi kukiwa na ubaridi. Alilisema hilo la jua kwa kulirudiarudia.

“Alilalamika?”

“Hapana.”

“Usinipake mafuta. Aliumia?”

“Aliumia. Alikuwa akivuta pumzi kama anapandisha mzigo ngazini. Na mwisho aliniuliza kama bado nipo. Nikasema nipo, baba. Sijui kama alinisikia.”

Binti alikaa chini sakafuni, katikati ya masanduku, akajifunika uso kwa shati lile. Shangazi hakujua kama anaruhusiwa kumgusa. Mwishowe alikaa chini naye, kando yake, bila kumgusa.

*

Meneja alipata habari, na Shangazi akafukuzwa kazi kwa kwenda kwa familia ya marehemu kinyume cha agizo. Binti alipeleka malalamiko makao makuu, na Zimawasha, aliyekuwa na watoto wanasoma, alikwenda akasema yote, hata yale ambayo hakuulizwa. Yakachukua miezi. Kompyuta za vituo vingine zilipokaguliwa, ukurasa ule wa mwisho ulikutwa hivyo hivyo katika baadhi yake. Waliowahi kupiga huko wasisikike vizuri, hakuna aliyejua ni akina nani. Meneja alihamishwa. Zimawasha hakuongezewa mkataba, akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Shangazi akaandikiwa kwamba hakuwa na kosa, na kwamba kituo kingefurahi arudi.

Alirudi. Wenzake walimpigia makofi, Mpole alimwekea ua mezani. Alivaa hedifoni, akapokea simu. Alikuwa kijana, mama yake ameanguka sokoni, na sauti yake ilikuwa safi bila hata chembe ya mkwaruzo.

“Uko wapi?” Shangazi aliuliza. Kijana akamwambia, mlango wa samaki.

“Mlango wa samaki?”

“Ndiyo.”

Alikuwa amesikia. Alijua amesikia. Mkono wake ulikuwa juu ya laini ya madereva na haukushuka.

“Umesema mlango wa samaki?”

“Ndiyo, mama!”

“Rudia tena, mwanangu. Taratibu. Mlango wa nini?”

“Nimeshakwambia!” kijana alipiga kelele, akilia. “Nimeshakwambia! Kwani husikii?”

Mpole aliinuka, akamwinamia, akabonyeza laini mwenyewe, akamtuma dereva. Gari lilifika kwa wakati. Shangazi alisubiri mpaka akaambiwa hivyo. Kisha akavua hedifoni, akaizungushia waya wake vizuri, akaiweka mezani, akachukua mkoba nyuma ya kiti.